Nilivyotangaza kifo cha baba mkwe kwa command prompt, naye akagoma kufufuka mpaka kompyuta ipone

Wakuu, kwema humu? Wakubwa zangu shikamooni. Na nyie wa jukwaa la teknolojia ambao hamuitikii salamu mpaka mjue mtu ana RAM kiasi gani, nawasalimu pia.

Leo naleta yangu mwenyewe. Sikuisikia kwa mtu na chumvi sijatia. Anayedhani natunga afike Chemchem hapa Tabora, aulizie msiba ambao marehemu alikula wali wa msiba wake mwenyewe na akaomba aongezewe. Ataonyeshwa nyumba.

Majina ya watu nimebadilisha, na ofisi siitaji kwa sababu bado nalipwa hapo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa upande wa Manyoni, kazi ndiyo iliyonileta Tabora. Niko IT kwenye ofisi ya ushirika mmoja wa wakulima wa tumbaku, maeneo ya Mtendeni. Nikisema IT msiwaze makubwa. Printa ikikwama ni mimi. Feni ya bosi ikipiga kelele ni mimi vilevile, maana "si ina waya?"

Wanaojua habari za Wagogo na Wanyamwezi hapo washaanza kucheka. Kwa wasiojua, sisi ni watani tangu enzi za misafara. Wanyamwezi walikuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, wakifika Ugogo mababu zangu wanawatoza hongo ndipo wapite na wanywe maji. Hawajasahau mpaka leo. Pale ofisini nikienda tu kujaza chupa yangu ya maji, lazima atokee mtu wa kunidai hongo.

Na mtani ana kazi yake msibani. Anaruhusiwa chochote. Anavaa koti la marehemu, analala kwenye kitanda chake, anawaambia watu jamaa hajafa, anakwepa madeni tu. Watu wanacheka, machozi yanakauka kidogo.

Hili la "jamaa hajafa" lishikeni vizuri. Lilinitokea puani.

Tuendelee.

Nilipoajiriwa, kompyuta za ofisi zilikuwa na majina ya kiwandani, herufi na tarakimu zisizoshikika kichwani. Nikaziunganisha kwa kebo zikawa mtandao mmoja, halafu nikazibatiza. Kwa kuwa tupo Tabora nilifuata njia ya zamani ya misafara, ambayo reli nayo imepita humohumo kwa sehemu kubwa.

Ya mapokezi nikaiita BAGAMOYO, pale ndipo watu wanapoingilia. Yangu ITIGI, jirani na kwetu. Ya mhasibu TURA. Ya meneja iko chumba cha mwisho kabisa kwenye korido, hiyo nikaiita UJIJI. Na ya stoo nikaiita GOWEKO.

Kwenye Goweko nilikuwa na lengo langu.

Stoo alikuwepo Mzee Andrea, mgawaji wa mbolea kwa wakulima. Kwao ni Goweko, na habari za Goweko hazimtoki mdomoni. Mvua ikinyesha Mtendeni atakuambia Goweko imenyesha vizuri zaidi. Kwa hiyo ofisi nzima tulikuwa tunamwita Mzee Goweko, au Goweko tu.

Mzee huyu ana binti anaitwa Kalunde, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi na Kalunde tulikuwa tumeshaelewana, na posa nilikuwa nimeshapeleka. Jibu ndilo lilikuwa halijaja. Kila nikipita stoo mzee ananiambia, "Subiri kwanza, bado napiga hesabu ya hongo mliyowatoza babu zangu."

Kwa hiyo kuiita kompyuta yake GOWEKO kulikuwa ni kujipendekeza, sikatai. Alifurahi kweli. Akabandika kwenye boksi la kompyuta stika ya kwaya ya kanisa lao la Moravian, ili asije akabadilishiwa.

Tatizo ni kwamba jina lile la kompyuta tulikuwa tunalitumia mimi na yeye tu. Wengine wote walikuwa wanasema "kompyuta ya stoo". Niliwaambia mara nyingi, jamani ina jina, itumieni kwa jina. Hawakunisikiliza. Mpaka leo nasimamia kwamba wao ndio walioniponza.

Sasa tuje kwenye msg.

Kwenye Windows kuna amri inaitwa msg. Unafungua command prompt, ile skrini nyeusi ambayo ukiifungua mbele za watu wanadhani unaiba benki. Unaandika msg, jina la kompyuta unayoilenga, alama ya nyota, halafu maneno yako. Unabonyeza Enter. Kwenye kioo cha mwenzako kinaruka kiboksi chenye maneno yako, awe na nafasi asiwe nayo. Wenye Windows Home msihangaike, kwenu haipo.

Mimi nikaandika na kiprogramu kidogo cha kuzungukia kompyuta zote, nikakiita "tangaza". Naandika tangaza, naandika maneno, ofisi nzima inasoma kwa mpigo.

Walikipenda sana. "Chai tayari." "Gari ya mbolea imefika." Bi Zuhura wa mapokezi alisema kiboksi kile kina adabu kuliko magrupu ya WhatsApp. Bi Zuhura ni mama wa mjini hasa, kazaliwa palepale Mtendeni kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi, na shughuli zote za ofisi, harusi kwa misiba, kamati ni yeye. Mkumbukeni.

Na mimi nina tabia moja. Kompyuta naziongelea kama watu. Ujiji amelala. Bagamoyo anakohoa. Tura leo ana hasira. Mafundi wenzangu mnanielewa, ukikaa na mtu kutwa nzima huwezi kumwita "hiki kitu".

Siku yenyewe umeme ulikatika asubuhi, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta zote ziliwaka isipokuwa ya stoo. Mzee hakuwepo, aliomba ruhusa aende kwao kurina asali. Mizinga yake iko porini ndani huko ambako simu haishiki.

Nikaibeba kompyuta mpaka mezani kwangu, nikaifungua, nikanusa. Power supply, ile ya kuipa kompyuta umeme, imeungua. Harufu ile mnaijua.

Nikawaza, hawa watu wa uhasibu wataendelea kumtumia mafaili ya stoo halafu waje kunilalamikia. Na meneja alikuwa ananisumbua kila siku kwamba kompyuta yake nzito, nikaona kama RAM za huyu, zile za kuipa kompyuta kasi, zimepona nitamhamishia yeye. Nikafungua command prompt nikaandika, nawapa neno kwa neno:

GOWEKO AMEKUFA ASUBUHI HII. UMEME. MSIMTUMIE KITU. MCHANA NITAMFUNGUA VIZURI NIONE KAMA ANA CHOCHOTE CHA KUMPA UJIJI.

Enter.

Nikaacha simu kwenye chaji, nikatokea mlango wa nyuma kwenda kutafuta power supply.

Naambiwa ukelele wa Bi Zuhura ulisikika mpaka sokoni. Mimi sikuusikia. Nilikuwa nabishana na fundi redio aliyetaka kuniuzia kifaa cha televisheni na kuapa kwamba umeme ni umeme tu.

Nilirudi mchana na power supply iliyotumika, nikakuta ofisi imefungwa. Mlinzi amekaa peke yake, kofia kaivua kaiweka mapajani.

"Wenzako wote wako Chemchem," akaniambia. "Msibani."

"Nani kafariki?"

"Goweko."

Sikuiwaza kompyuta hata kidogo. Nilimwona mzee juu ya mti na moshi wake, nikajua ameanguka. Nikakaa kwenye ngazi nikalia kilio cha kweli, kamasi na kila kitu. Nilikuwa nampenda yule mzee. Na nisiwadanganye, nilijililia na mimi mwenyewe, maana posa yangu ilikuwa imekwenda na maji bila kujibiwa.

Nikadaka bodaboda mpaka Chemchem. Power supply ilikuwa bado mkononi.

Kwa Mzee Goweko turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wako kwenye mabenchi, wanawake ndani, masufuria nje kwenye mafiga. Bi Zuhura yuko katikati na baibui lake anawaelekeza wapishi. Nikaingia nikilia. Watu wakanipisha, lakini walinipisha kwa kunikwepa, na macho yao yote yako kwenye ile power supply yenye waya zinazoning'inia.

Meneja akanivuta pembeni ya ukuta.

"Umeshamfungua?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamshangaa. Mzee wa watu amekufa, yeye anawaza kompyuta.

"Nani, bosi?"

"Goweko."

"Nilimfungua asubuhi. Kaungua ndani. Ananuka."

Akashika ukuta. "Yuko wapi saa hizi?"

"Mezani kwangu. Kifuniko nimekilaza chini."

"Umemwacha peke yake?"

"Nimefunga mlango. Lakini bosi, leo si siku yake, tumlilie mzee kwanza."

Hakunisikia. "Na hao wa Ujiji," akasema, "hao unaotaka kuwapa vitu vyake, ni hospitali au ni waganga?"

"Ujiji si wewe, bosi?"

Tukatazamana. Sijui nani alielewa kwanza. Nadhani ni mimi, kwa sababu niliyeificha power supply mgongoni ni mimi.

"Mzee Goweko kafia wapi?" nikamuuliza.

"Si wewe ndiye uliyetangaza?"

Wote walidhani mzee alipitia ofisini kabla ya safari umeme ukamkuta, na mwili ninao mimi. Meneja alikuwa ameshatoa hotuba ya rambirambi na kuwapigia simu wakubwa wote wa ushirika. Aliangalia saa yake. Akasema amekumbuka ana kikao. Nilisikia gari linawaka, na sikumwona tena siku ile.

Nikabaki mimi na umati.

Nikaona niseme ukweli palepale, lawama nizibebe mwenyewe. Nikasimama katikati ya turubai. Nikasema, "Jamani naomba mnisikilize. Mzee Goweko hajafa. Yuko kwao anarina asali. Aliyekufa ni kompyuta."

Halafu shangazi yake Kalunde, dada mkubwa wa mzee, akafuta machozi kwa ncha ya khanga akasema, "Haya, Mgogo kafika."

Turubai zima likacheka.

"Ulichelewa wapi, mtani?" akanidaka mzee mwingine. "Tangu asubuhi tunalia tu hapa, hatuna wa kutupumzisha."

Nikaapa kwa Mungu. Wakacheka. Nikaapa kwa mama yangu. Wakacheka zaidi. Nikainua power supply, nikasema kilichoungua ni kitu kama hiki, tazameni wenyewe. Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa, anawaambia wenzake, "Anasema huo ndio moyo wa marehemu."

Nikakasirika. Hasira ya kweli, mishipa imenitoka. Sasa hakuna kitu kitamu msibani kuliko mtani aliyekasirika. Walinivisha khanga, wakanitolea kofia ya mzee ndani wakanivisha, wakanipa na sahani ya wali. Nikasikia mtu anasema miaka yote hajapata kuona Mgogo anayejua kazi yake namna hii.

Nikaenda mlangoni kumtafuta Kalunde. Alitoka, macho yamevimba. Nikamwambia taratibu, "Kalunde, baba yupo hai."

Alinitazama, mimi na khanga yangu na kofia ya baba yake kichwani.

"Wengine wote wakitania ni sawa," akasema. "Wewe ulitakiwa ulie na mimi."

Akaingia ndani, akateremsha pazia.

Wakuu, pale niliumia. Niliona wazi kwamba huyu binti namkosa, na namkosa kwa sababu ya kusema ukweli. Nikaazima simu nikaanza kupiga namba ya mzee. Haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka mwenye simu akaniambia mtani, sasa inatosha, unamaliza chaji.

Jioni ndiyo mzee akafika.

Alishuka kwenye bodaboda na ndoo yake ya asali. Nyuki walikuwa wamemfanyia vibaya. Uso wote umevimba, jicho moja limefunga kabisa, midomo imejaa. Hakuna aliyemtambua, hata mimi sikumtambua. Walimwona ni mzee fulani aliyetoka kijijini.

Akasimama anashangaa turubai mbele ya nyumba yake. Akawaambia waliokaa pembeni, "Poleni."

"Tumeshapoa. Karibu, baba."

"Nani?" akauliza.

Aliyemjibu alikuwa mwenye turubai, mtu wa kukodisha tu, hamjui yeyote pale. "Mwenye nyumba," akasema.

Sasa mfikirie. Mzee anajua mwenye nyumba ni yeye, na yeye amesimama pale mzima. Akabaki mtu mmoja tu wa kuitwa mwenye nyumba. Ndoo ikamponyoka.

Alikaa chini kwenye vumbi na asali yake akaanza kulia, anasema Kinyamwezi. Sikuelewa yote, Kalunde alinitafsiria baadaye. Alisema kila asali aliyowahi kurina aliionja akimfikiria mkewe. Alisema mama yule ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe, hizo kuta alijenga ili zimzunguke tu. Alisema hajawahi kumwambia hata siku moja, kila siku alikuwa anaona kesho ipo.

Wanaume wazima waliinamisha vichwa. Kicheko kilikwisha chote.

Ndani tukasikia mama anasema, "Hiyo sauti ya mume wangu."

Pazia likafunguka, mama akatoka. Mzee akainua uso. Yeye anamwona marehemu mkewe, mkewe anamsikia marehemu mumewe kwenye uso asioufahamu. Hapo ndipo mabenchi yalipoanza kuanguka. Watu walitoka kila upande, mwenye turubai aliruka ukuta, na Bi Zuhura alianza kusoma dua kwa sauti huku kakumbatia mwiko.

Mama hakukimbia. Alikwenda mpaka pale chini, akamshika shavu lililovimba.

"Nyuki?" akauliza.

"Nyuki," mzee akajibu.

Basi, utambulisho ulikuwa huo.

Watu waliporudi mmoja mmoja, mzee alikuwa amekaa kwenye benchi na sahani ya wali. Alikuwa hajala kitu tangu asubuhi. Alimaliza, akaomba aongezewe, akaongezewa. Ndipo akauliza nani kasema amekufa.

Vidole vyote vikanielekea.

"Vua kofia yangu," akaanza na hilo. Nikavua. "Ulisema kwa mdomo?"

"Kwa kompyuta, mzee. Na ilikuwa ni kompyuta yako ndiyo..."

Kalunde akaniuliza toka mlangoni, sauti ya ualimu ile. "Uliandika imekufa au amekufa?"

"Amekufa."

Kalunde alitikisa kichwa tu, lakini niliona mdomo unamcheza kidogo, nikapata tumaini.

Tumaini lenyewe baba yake akalikata.

"Aliyetangaza ni Itigi," mzee akasema huku anatafuna. "Itigi kasema Goweko amekufa. Wewe ukisema nipo hai watu wanacheka, si umeona leo? Kanusho litoke kwa Goweko mwenyewe, kwenye vioo vilevile. Mpaka Goweko aseme, mimi ni marehemu. Na marehemu hajibu posa."

Nikacheka, nikijua ananitania. Yeye hakucheka.

Wakuu, yule mzee alikuwa marehemu kazini wiki nzima na zaidi.

Anakuja asubuhi na mapema, anakaa stoo juu ya mifuko ya mbolea, mikono kaikunja. Nampa shikamoo, kimya. Bi Zuhura ananiambia bila kunitazama, "Marehemu haitikii." Wakulima wanakuja kuchukua mbolea, mvua zimekaribia, wanataka sahihi yake. Anawajibu kwa upole kabisa, "Marehemu hasaini, wanangu. Muulizeni Mgogo."

Wakulima wanakuja mlangoni kwangu. Kuna waliotoka mbali na baiskeli.

Nilifunga ile power supply mpya. Kimya. Umeme ulikuwa umepita na motherboard pia, ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu. Ya aina ile Tabora nzima sikuipata.

Nikajaribu ujanja. Mhasibu alikuwa likizo, nikaichukua TURA, nikabadilisha jina nikaiandika GOWEKO, nikampelekea mzee. Aliizunguka yote. Akainama kutafuta stika ya kwaya.

"Huyu ni Tura," akasema. "Umembatiza mara ya pili. Kanisani kwetu hatubatizi mara mbili."

Kalunde nikimpigia simu anapokea, ananisikiliza, anauliza jambo moja tu. "Goweko ameamka?" Nikisema bado, anasema haya, usiku mwema. Saa tisa mchana ananiambia usiku mwema.

Mwishowe meneja akaja mwenyewe. Alikuwa ananikwepa tangu siku ya msiba, lakini sasa wakulima walikuwa wamekaa mpaka chini ya dirisha lake.

"Unahitaji nini huyu mzee afufuke?"

"Motherboard, bosi. Aina ileile. Ofisi hii iko moja tu."

"Iko wapi?"

"Ujiji."

Aligeuka akaitazama kompyuta yake. Nje mtu mmoja akaanza kuuliza kwa sauti kama ni kweli meneja naye kafa. Meneja akasogeza kiti chake.

"Mfungue," akasema.

Kwa hiyo ujumbe wangu ulitimia, ila kwa kugeuzwa. Ujiji ndiye aliyefunguliwa, na Goweko ndiye aliyepewa.

Akawaka. Mzee akavuta kiti, akapangusa stika yake kwa kidole, akasoma jina kwenye kioo akaridhika. Nikamfungulia command prompt, nikamwandikia neno "tangaza" pale mwanzo.

"Yatakaa muda gani kwenye vioo vyao?" akauliza.

"Kama dakika moja hivi, mzee, halafu yanapotea."

"Yakipotea nitakuwa nimekufa tena?"

Nikaongeza muda, yakae mpaka kila mtu ayafunge mwenyewe. Akaniambia nigeuke nitazame ukutani. Nikageuka. Nilisikia anabonyeza herufi moja, anatafuta nyingine, anabonyeza. Ilichukua muda, na moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko vidole vyake. Mwisho nikasikia Enter.

Kutoka mapokezi Bi Zuhura akapiga vigelegele.

Nilikimbia korido yote mpaka Bagamoyo. Kiboksi kilikuwa katikati ya kioo:

MIMI GOWEKO NIPO HAI. POLENI KWA MSIBA. MGOGO ALETE WAZEE WAKE JUMAPILI. WAJE NA KIU. MAJI YAPO NA HATUTOZI HONGO.

Nilishika kaunta. Sikujua kama kiboksi cha Windows kinaweza kumliza mtu mzima, na sikuona aibu kulia mbele ya Bi Zuhura. Alinifuta kwa ncha ya mtandio wake, akasema sasa kamati ya harusi ni yeye na asisikie jina lingine.

Wazee wangu walikuja. Walinyweshwa maji mpaka wakaomba wapumzike. Ndoa ikafungwa, na Kalunde ndiye huyu hapa pembeni yangu anayenisahihishia uzi huu. Meneja mpaka leo anatumia simu.

Funzo, wakuu. Kompyuta iko ngeli ya I na ZI. Ikiharibika imeharibika, ikifa imekufa. Ukishaanza kuipa A- ya mtu, jiandae kulipia turubai. Na mkiwa mnatuma ujumbe kwa kompyuta nyingi kwa pamoja, usomeni kwa sauti kabla ya Enter, tena mbele ya mtu asiyejua kazi yenu.

Hilo ndilo nililotaka kumalizia. Lakini Jumapili iliyopita tulikwenda ukweni kula, mama mkwe akaniita jikoni. Akafunga mlango.

"Mwanangu, ile kompyuta ya stoo inaendeleaje?"

"Nzima, mama. Iko imara."

"Haioneshi dalili yoyote?"

"Hapana, mama."

Akakoroga mboga kidogo. Sebuleni tulikuwa tunamsikia mzee anamwambia Kalunde mvua ya Goweko ilivyo nzuri.

"Tangu siku ile hajasema tena yale maneno ya asali," mama akaniambia, hanitazami. "Ikifa tangaza. Na uandike vilevile ulivyoandika."

Sasa wakuu, UPS ya stoo, ile betri tuliyoiwekea baadaye kuikinga na umeme, imeanza kulia tangu juzi, na mawingu ya Tabora mnayajua. Karibuni kwenye comments mnishauri. Umeme ukipita nayo, niandike imekufa au amekufa?